Ruzuku Hugawanywaje: Iliyotengwa na Iliyopokelewa

(Maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri kwenye mkutano wa hadhara wa kata. Yamechapishwa hapa kwa ombi la wajumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata.)



 

Nimesimama mbele yenu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kueleza jinsi fedha za ruzuku kutoka Serikali Kuu zinavyogawanywa hadi kufika katika halmashauri yetu na hatimaye katika kata hii. Ya pili ni kuomba radhi. Nitaanza na hiyo ya pili, kwa kuwa bila hiyo wengi wenu hamtakuwa na moyo wa kuisikiliza ile ya kwanza.

Mtakumbuka tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, lenye nembo ya Halmashauri, likisema kwamba fedha za kumalizia boma la zahanati zimepokelewa. Tangazo lile niliandika mimi. Nilikuwa na jedwali la bajeti mezani, safu moja ikiwa ya fedha zilizotengwa na nyingine ya fedha zilizopokelewa, nami nikanakili takwimu ya safu ya kwanza chini ya kichwa cha habari cha safu ya pili. Hakuna hata senti moja iliyokuwa imeingia. Ninyi mliosomba mchanga na mawe, mliotoa siku zenu za kazi kupandisha boma lile hadi usawa wa lenta, mkaona miezi inapita, bati hakuna, na karatasi inasema fedha zimefika. Wiki hiyohiyo Ndugu Mtendaji akaonekana na pikipiki mpya, ambayo alikuwa ameichukua kwa mkopo. Kilichofuata mnakijua kuliko mimi. Ofisi ilifungwa kwa kufuli lisilo lake, na watoto wake wakaitwa majina njiani wakienda shule.

Masahihisho niliyoyatoa baadaye yalikuwa na mistari mitatu tu, yakabandikwa kando ya tangazo la mnada wa ng'ombe, na sidhani kama yalisomwa na watu kumi. Ndugu Mtendaji, nakuomba radhi mbele ya wale waliokutuhumu kwa sababu yangu. Ndugu wananchi, nawaomba radhi nanyi pia. Mliamini karatasi yenye nembo ya Halmashauri, na kuiamini karatasi ya namna hiyo si kosa lenu.

Sasa nieleze fedha zenyewe.

Halmashauri ina mifuko miwili. Mmoja ni mapato ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, ada za leseni, ushuru wa huduma na mengineyo kama hayo. Huu ndio mfuko mnaouona, kwa sababu mkusanyaji anasimama mbele yenu na mashine ya kutolea risiti. Mfuko wa pili ni ruzuku ya Serikali Kuu, na huo ndio mkubwa kwa mbali. Mwalimu anayefundisha hapa, muuguzi wa zahanati, dawa nyingi zilizomo kabatini, hulipwa kwa ruzuku. Kwa hiyo swali la jinsi ruzuku inavyogawanywa miongoni mwa halmashauri 184 za Tanzania Bara lina uzito kuliko swali la ushuru wa gulio, ingawa la gulio ndilo linalotugombanisha zaidi.

Kabla ya mwaka 2004 mgawanyo ulifuata zaidi mazoea. Halmashauri iliyopata nyingi mwaka jana iliongezewa kidogo juu ya nyingi hizo, na iliyopata haba iliongezewa kidogo juu ya haba hizo. Waliojua kuzungumza na wakubwa walipata nafasi ya kuzungumza. Mwaka 2004 Serikali ilipitisha utaratibu wa kugawa ruzuku kwa kanuni zenye vigezo vilivyo wazi. Naomba mnivumilie nitaje hesabu zake, kwa kuwa ndani ya hesabu hizo ndimo mlimo ninyi.

Chukueni ruzuku ya uendeshaji wa huduma za afya. Kati ya kila shilingi 100 za kugawanywa nchini, shilingi 70 ziligawanywa kwa kufuata idadi ya watu wa kila halmashauri. Shilingi 10 zilifuata idadi ya watu maskini, shilingi 10 nyingine zikafuata vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka 5, na shilingi 10 zilizobaki zikafuata urefu wa njia ambazo gari la afya la wilaya hulazimika kupita. Kigezo hiki cha mwisho hunifurahisha, maana aliyekiweka bila shaka alikwisha kupanda gari hilo. Halmashauri ya mjini na halmashauri kama yetu zinaweza kuwa na watu sawasawa, lakini chanjo ya mtoto wa mjini husafiri dakika 20, na ya mtoto wa kitongoji cha mwisho husafiri kutwa nzima ndani ya kasha la barafu.

Ruzuku ya maendeleo, ambayo ndiyo ya madarasa na maboma, ilipewa vigezo vitatu: asilimia 70 idadi ya watu, asilimia 20 umaskini, asilimia 10 ukubwa wa eneo. Ilikuwa pia na masharti. Halmashauri yenye hesabu chafu au isiyofanya vikao vyake vya kisheria ilijiweka katika hatari ya kuikosa, na iliyofanya vizuri iliongezewa asilimia 20 juu ya fungu lake. Taratibu hizi zimefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, lakini idadi ya watu imebaki kuwa nguzo yake.

Kuna fungu moja ambalo kanuni haikulishika vizuri, nalo ni mishahara, ambayo huchukua sehemu kubwa kuliko zote. Mshahara humfuata mtumishi alipo. Penye nyumba ya mwalimu, umeme na barabara, watumishi hukaa, na fedha hukaa pamoja nao. Pasipo na hivyo, mtumishi mpya huripoti, hukaa msimu mmoja wa mvua, kisha huomba uhamisho. Akihama, mshahara wake unahama naye. Ndiyo maana halmashauri iliyo tayari na watumishi wengi huendelea kupata nyingi, hata kama kwenye karatasi ya vigezo ingestahili kidogo. Kwa maoni yangu hili ndilo tundu kubwa zaidi katika mfumo mzima, na nyumba ya mtumishi ina nguvu ya kuliziba kuliko barua kumi za malalamiko.

Mtu asidhani kwamba ugumu huu ni wa Tanzania peke yake. Kila nchi inayokusanya kodi mahali pamoja na kuitumia mahali pengi hukutana nao.

Marekani, yenye majimbo 50, ilipotunga sheria yake ya kwanza ya kusaidia barabara za majimbo mwaka 1916, iligawa fedha kwa mafungu matatu yaliyo sawa: theluthi moja kwa ukubwa wa eneo, theluthi moja kwa idadi ya watu, na theluthi moja kwa urefu wa njia zilizotumiwa kupeleka barua vijijini. Kigezo hicho cha barua ni ndugu wa karibu wa kigezo chetu cha gari la afya. Mpango wao wa matibabu kwa watu wa kipato cha chini, uitwao Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965, hutumia njia nyingine. Serikali ya shirikisho huangalia wastani wa kipato cha wakazi wa jimbo, na jimbo likiwa maskini zaidi huchangiwa zaidi. Hata jimbo tajiri kabisa halishuki chini ya asilimia 50 ya gharama, na sheria imeweka kikomo cha juu kuwa asilimia 83. Mississippi huchangiwa zaidi ya robo tatu. New York huishia kwenye nusu.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi katika habari za Marekani ni sensa yao ya mwaka 2020. Baada ya kuhesabu, idara yao ya sensa ilifanya uchunguzi wa kupima usahihi wa kazi yake yenyewe, ikatangaza kwamba katika majimbo 6 watu walihesabiwa pungufu. Arkansas ilikosa takriban watu 5 katika kila 100. Tennessee, Mississippi, Florida, Illinois na Texas nazo zilipungukiwa. Majimbo 8 yalihesabiwa zaidi ya watu waliopo, New York na Minnesota yakiwamo. Watoto wadogo walisahaulika kuliko watu wazima, na wenyeji wa asili waishio katika maeneo yao waliyotengewa walisahaulika kuliko takriban kila kundi jingine. Idadi rasmi za majimbo hazikubadilishwa kwa ajili ya upungufu huo. Nchi tajiri namna ile, yenye kompyuta na anwani katika kila mlango, ilikiri kwamba haikuwaona baadhi ya watu wake, kisha ikaendelea kugawa kwa hesabu iliyokuwa nayo.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine tena. Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na Seneti hupitisha kanuni ya kugawa fedha baina yao. Kanuni ya kwanza iliipa idadi ya watu asilimia 45, fungu la usawa kwa kila kaunti asilimia 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na nidhamu ya matumizi 2. Mwaka 2020 walipotaka kuibadilisha, nchi iligawanyika. Wenye watu wengi walisema mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Wa kaunti kame, zenye eneo kubwa na watu wachache, waliuliza kama lambo la maji huchimbwa kwa bei nafuu zaidi pale wanapokunywa watu wachache. Seneti ilikaa kikao baada ya kikao bila kukubaliana, na suluhu ilipatikana Septemba kwa kuliongeza kapu lenyewe hadi shilingi bilioni 370 za Kenya katika mwaka uliofuata, ili asiwepo atakayepunguziwa. Nadhani swali la wale wa kaunti kame halikujibiwa. Lilinunuliwa tu muda wa kupumzika.

Turudi nyumbani. Sensa yetu ya Agosti 23, 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Sensa hiyo ilimhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Nawaomba vijana mliokuwa kwenye kambi za uvuvi, na mliokuwa mmeswaga mifugo kwenda malishoni, mkumbuke mlilala wapi. Aliyelala kata nyingine alihesabiwa kule, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini kaya iliyomficha karani mtoto mwenye ulemavu, au iliyotaja watoto wanne badala ya saba kwa kuogopa kuhesabiwa watoto, hiyo ilijipunguza yenyewe, na hesabu ile ndiyo tutakayotembea nayo hadi sensa ijayo. Ofisi ya Takwimu hukadiria ongezeko la kila mwaka, ila makadirio huanzia pale karani alipoishia.

Sensa ni ya miaka kumi. Kuna hesabu nyingine ambazo hufanyika kila siku ndani ya kata hii, nazo sasa huamua fedha moja kwa moja.

Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kila mwanafunzi wa shule ya msingi amewekewa shilingi 10,000 kwa mwaka. Shilingi 4,000 ni za vitabu, na shilingi 6,000 huingia katika akaunti ya shule bila kupitia Halmashauri. Hiyo ni shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Tuchukue shule ya watoto 400: shule hiyo hutarajia shilingi 200,000 kwa mwezi kwa chaki, karatasi za mitihani, matengenezo madogo na utawala. Ikiwa watoto 30 walioandikishwa Januari majina yao hayajaingizwa katika takwimu, shule hupoteza shilingi 15,000 kila mwezi na huku watoto hao wameketi darasani wakitumia chaki ileile. Na ikiwa watoto 30 waliokwisha kuacha shule bado wamo kwenye orodha, shule hupokea fedha zisizo zake. Mnakumbuka uhakiki wa wanafunzi hewa wa mwaka 2016. Walimu wakuu, najua kazi ya takwimu huwaangukia usiku, baada ya vipindi na baada ya kusahihisha madaftari. Naomba kamati za shule ziwasaidie, hata kwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza ni nani aliyehama.

Zahanati nayo, tangu mwaka wa fedha 2017/18, hupokea fedha za mfuko wa pamoja wa afya katika akaunti yake yenyewe. Miongoni mwa vinavyoangaliwa ni idadi ya watu inaowahudumia na wingi wa wagonjwa wanaofika. Wagonjwa hao hujulikana kwa vitabu vya MTUHA. Mgonjwa aliyetibiwa kwa haraka jioni, muuguzi akiwa peke yake, akaandikiwa dawa kwenye kipande cha daftari bila kuingizwa kitabuni, huyo alitibiwa lakini hakuonekana. Na wale mnaovuka mto kwenda kutibiwa kata jirani kwa sababu mnasema kule dawa zipo, mnahesabiwa kule. Kila mnapovuka, mnaongeza sababu ya dawa kuendelea kuwa kule. Siwalaumu, kwa maana hata mimi mtoto akipandisha homa siulizi takwimu. Nawaeleza tu jinsi mzunguko ulivyo.

Niongeze kwa kifupi kwamba barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na maji vijijini yako chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Fedha zake hazipiti kwetu. Tukiulizwa, tutawapeleka kwa wahusika, ila msituone wajeuri tukisema hatuna kitabu chake.

Sasa yale maneno yaliyoleta balaa. Kutengwa ni kuandikwa kwenye mpango. Vijiji hutaja vipaumbele vyao, Kamati ya Maendeleo ya Kata huvipanga, Baraza la Madiwani hupitisha, na yote hayo hufanyika ndani ya ukomo wa bajeti uliotolewa na Wizara ya Fedha. Kuidhinishwa ni kazi ya Bunge, ambayo hukamilika kabla ya Julai 1, siku mwaka wa fedha unapoanza. Lakini siku hiyo Hazina haina fedha zote za mwaka mzima. Kodi itakusanywa mwezi kwa mwezi, na makusanyo yakipungua, ruzuku ya maendeleo ndiyo husubirishwa kwanza, kwa kuwa mshahara wa muuguzi hausubiri. Kutolewa ni Hazina kuziachia fedha. Kupokelewa ni fedha kuonekana kwenye akaunti, zikiwa na namba ya muamala na tarehe. Kati ya neno la kwanza na la mwisho inaweza kupita miezi kumi, na wakati mwingine neno la mwisho halifiki kabisa katika mwaka huo.

Hadi ninapozungumza, safu ya fedha zilizopokelewa kwa ajili ya boma lenu ni sifuri. Nimeithibitisha leo asubuhi kwa Mweka Hazina wa Halmashauri kabla ya kupanda gari. Halmashauri imeandika kukumbushia, na Mheshimiwa Diwani amelisema barazani. Sitawaambia kwamba zitafika mwezi ujao, kwa maana sijui, na safari iliyopita niliposema nisilolijua aliumia mtu mwingine. Zikifika kabla ya Juni 30 tutapaswa kuanza kazi mara moja, kwa sababu fedha isiyotumika mwaka ukifungwa inaweza kurudi ilikotoka. Hivyo naiomba kamati ya ujenzi iwe na makadirio ya mafundi mkononi kuanzia sasa.

Kuanzia robo hii, tangazo la fedha za kata litakuwa na safu nne zenye majina hayo manne. Safu ya kupokelewa itakuwa na tarehe ya kuingia kwa fedha, na pasipo na tarehe kutaandikwa sifuri, si mstari mtupu. Nakala moja itabandikwa hapa, moja itakwenda kwa kila mwenyekiti wa kijiji ili isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji unaofanyika kila baada ya miezi mitatu. Atakayeona takwimu inayotofautiana na ile ya taarifa ya benki anitafute mimi kwanza. Namba ya simu ya ofisi imo chini ya tangazo.

Nakala ya kwanza iko ndani ya bahasha hii. Nitamwomba Ndugu Mtendaji tuibandike pamoja sasa, kisha nitapokea maswali. Naona bibi aliyeketi chini ya mwembe amenyoosha mkono tangu nilipotaja zahanati, basi tutaanza naye.